Bibi Aliyesikiliza Kishikwambi Kilichozimika

Mimi si mtu wa kuona vitu. Nianze na hilo, maana najua mnavyotufikiria sisi wa Shinyanga. Mtu akisema tu anatoka Kishapu, wengine mnaanza kuangalia mlango uko wapi. Nasali Katoliki, nalima pamba na choroko, siku za mnada nauza mchele Mhunze, na mtu akianza kunisimulia habari za majini huwa namuuliza kwanza kama amekula. Sasa hili ninalokueleza limenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimekunywa chai na maandazi mawili, sina homa wala sina mawazo. Ukiamini sawa, usipoamini sawa. Mkwe wangu alikuwa ng'ambo ya barabara anaangalia, na mpaka leo hajapona vizuri.

Kisa kinaanzia kwenye kishikwambi. Binti yangu wa kwanza, Limi, aliniletea hicho kishikwambi miaka saba iliyopita ili niwe naangalia nyimbo za kwaya, na kwa kweli kilinifaa. Kilianguka, kikaokotwa, mbuzi akakikanyaga kioo kikapata ufa, kikaendelea tu. Halafu baba yangu akaja kuishi kwangu. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, kutwa alikaa bandani akiangalia ng'ombe wanavyotoka na kurudi. Siku moja ya kiangazi akaniita.

"Mama Limi, hicho kioo chako kinashika sauti?"

Nikamwambia kinashika.

"Basi kiwashe. Kuna watu nataka kuwataja kabla sijaondoka."

Alitaja watu karibu saa mbili nzima. Ukoo wote, nani kazaa nani, nani alitokea wapi, nani aliolewa wapi. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikiweka kishikwambi kwenye kigoda mbele yake, nikabonyeza, nikaenda zangu jikoni kuchambua choroko. Nilikuwa namsikia kwa mbali ananguruma nguruma, nikajisemea, si inashikwa? Nitakaa siku nitulie nimsikilize. Unaijua hiyo siku? Haikufika. Kukaja kuandaa mashamba, kukaja kupanda, mvua za kwanza zilipoanza baba akafariki.

Siku chache kabla hajafa Limi alikuja kumwona, tumbo limeshaonekana. Baba akamshika mkono akamwambia, "Ukizaa wa kike, mpe jina la bibi yangu. Mama yako ameshika." Watu wote chumbani wakageuka kuniangalia mimi. Nami nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayejua! Wakati huo kishikwambi kilikuwa kimeanza kugoma kula chaji, na wiki ya matanga kikazimika kabisa.

Limi alijifungua huko kwa mumewe, Kalangalala, Geita mjini. Mtoto wa kike, mzima, mzito. Ila kila siku ikifika saa sita mchana analia. Si kile kilio cha njaa wala cha tumbo, wazazi tunavijua vilio. Analia mpaka saa tisa, halafu ananyamaza mwenyewe na kukuangalia kama mtu mzima aliyekukatia tamaa. Walimpeleka hospitali mara mbili, wakampima kila kitu, daktari akasema mtoto yuko vizuri na anaongezeka uzito. Basi kila mwanamke aliyeingia pale kumwona alisema neno moja: jina. Kwetu jina halitolewi kwa uzuri wake. Kuna mtu aliyetangulia analitaka lirudi nyumbani, na asipopewa, mtoto ndiye anayesumbuliwa.

Sasa jina lenyewe lipi? Niliuliza wazee wote waliobaki. Huyo bibi yake baba, yaani mama wa babu yangu Ngasa, wote walimjua kwa Mama Ngasa tu. Mwanamke kwetu akishazaa, jina lake linafunikwa na la mtoto, na baada ya miaka hamsini hakuna anayekumbuka kulikuwa na nini chini. Nikabaki na kishikwambi kilichozimika, na mjukuu analia.

Fundi wa kwanza, wa Mhunze, alikitikisa sikioni kama mtu anayenunua nazi akasema, "Mama, bodi imekufa. Nunua kingine." Wa pili, wa Shinyanga mjini, alikichomeka kwenye waya wake dakika moja akasema hivyo hivyo. Mathias, mkwe wangu, akanipigia simu. Huyu Mathias ni kijana wa Ushirombo, anaendesha karasha ya kusagia mawe ya dhahabu, mpole kuliko mashine yake. Akasema hapo Kalangalala kuna duka linapokea vishikwambi vibovu kwa ajili ya spea, unaongeza kidogo unapewa kipya, na yeye kile kipya ameshanilipia. Kazi yangu ni kuja na kibovu. Akanitumia na picha.

Niseme ukweli? Nilikitamani. Kilikuwa chembamba, kioo chake kikubwa kinang'aa, hakijawahi kuona mbuzi. Na ubatizo ulikuwa Jumapili ile. Limi na mumewe walikuwa wameshachoka, wakasema mtoto ataitwa Kabula, maana alizaliwa mvua inanyesha. Nikasema jina zuri. Nikajiambia moyoni kwamba mambo ya baba nimemwachia Mungu, mafundi wawili wameshasema, mimi ni nani nibishe? Nikafunga mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ya kumpelekea mzazi, nikazungushia kishikwambi khanga, nikapanda basi kwenda Geita.

Alhamisi, saa sita kasoro, mtoto hajaanza bado kulia, mimi na Mathias tukaenda dukani. Tulikuta pamefungwa, kwenye mlango kuna karatasi imeandikwa kwamba wanarudi saa saba. Barazani kulikuwa na benchi moja. Mimi nikakaa. Mathias, kama unavyojua adabu ya mkwe, hawezi kukaa benchi moja na mama mkwe wake, hata kama ni refu la kukaa kwaya nzima. Akavuka barabara akasimama chini ya paa la duka la mabomba na pampu za wachimbaji. Jua lilikuwa limesimama utosini, vumbi jekundu linapaa kila lori likipita, watu wengi wameshaingia ndani kula.

Nikageuza shingo, nikaona nimekaa na bibi.

Sikumsikia akija. Kikongwe, amejifunga kaniki nyeusi mbili, moja kiunoni moja begani, kama walivyojifunga bibi zetu nilipokuwa mdogo. Miguu peku. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba ile miguu ilikuwa safi, haina hata punje ya lile vumbi. Mapajani alikuwa na kibuyu kikubwa cha maziwa kilichopasuka kutoka mdomoni hadi tumboni, naye alikuwa anakishona. Anatoboa kitundu huku, anatoboa kitundu kule, anapitisha uzi wa katani kwa sindano nene, anavuta. Krr, krr. Nilikuwa sijaona mtu akishona kibuyu tangu utoto wangu. Siku hizi kikipasuka tunakitupa, tunanunua ndoo ya plastiki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akasimamisha mkono, akaniangalia, akangoja. Nami nilijua anangoja nini, usinione nimekulia karibu na mnada ukadhani sina kwetu. Kwa Wasukuma salamu haiishii kwenye marahaba. Ukishajibiwa unaendelea, "Mwadila, mayu," yaani habari, mama, halafu unauliza, "Ng'wa nani?" yaani wewe ni wa kwa nani. Mwenzako anajitaja jina, anataja la baba yake na la babu yake, nawe unataja ya kwako, mnachimba hivyo hivyo mpaka mjue mnakutana wapi. Ugali unaweza kuiva hamjamaliza. Sasa mimi nilikuwa na joto, nina kiu, na akili yangu yote iko kwenye kile kioo kipya. Nikaona nikianza naye hapa hatutamaliza leo. Nikageuza macho nikaangalia barabara.

Akacheka kidogo, akaendelea kushona. "Wa siku hizi mnasalimia nusu."

"Tunakimbizana na muda, bibi," nikasema, na mimi nikacheka. Loh! Muda wa kwenda wapi, na duka limefungwa?

Akaniuliza, "Umefunga nini humo, mayu? Umekibeba kama mtoto."

"Kishikwambi bibi. Kimezeeka, kimekufa. Nakibadilisha na kipya."

"Kilete."

Nikampa. Usiniulize kwa nini nilimpa mtu nisiyemjua mali yangu. Ile sauti ilikuwa ya mtu ambaye ukiambiwa lete unaleta. Akaweka kibuyu chini, akakipokea kwa mikono miwili, akakiegemeza sikioni. Akatulia. Barabara nzima nayo ikawa kama imetulia.

"Yumo," akasema.

"Nani, bibi?"

"Mzee. Anataja watu."

Nikuambie, pale nilihisi nywele zinasimama moja moja chini ya kilemba. Sikuwa nimemwambia habari ya baba. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote katika mji ule isipokuwa Limi na mumewe.

Akafumba macho, akaendelea kusikiliza huku anatikisa kichwa taratibu. "Ameshafika kwa Ngasa." Akatabasamu, tabasamu la mzazi anaposikia mwanawe anasifiwa. Kisha akanirudishia kishikwambi. "Usikiuze na watu ndani. Mpelekee yule pale, anashona." Akaonyesha kwa mdomo, kama tunavyoonyesha sisi, kule kwenye uchochoro pembeni ya duka, ambako mzee mmoja wa miwani alikuwa ameinamia meza iliyojaa matumbo ya redio.

Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa vya baridi kama mtungi wa ndani, saa sita ile ya Geita. Nikainama kukifunga kishikwambi kwenye khanga, fundo moja tu, si zaidi ya hapo. Nilipoinua kichwa benchi lilikuwa na mtu mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Hakuna bibi, hakuna kibuyu, hakuna hata unga wa vile vitundu alivyotoboa. Nikasimama nikaangalia huku na huku. Ng'ambo ya barabara Mathias alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mwenye duka akarudi, kijana mchangamfu, anafungua makufuli huku anaimba. "Karibu mama! Lete mzigo huo tukupe kitu kipya."

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Siuzi."

Mathias akavuka, akasimama mbali kidogo, anaangalia chini kama inavyompasa. "Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, baba. Nimebadilika."

"Na kile kipya, mama? Kimeshalipiwa."

"Kipya kichukue, kwani nimekikataa? Ila hiki hakiendi. Kama bei inazidi nitauza mbuzi." Sikuwa na hoja ya kumpa, na yeye hakuwa na ruhusa ya kubishana nami, kwa hiyo yakaisha hapo.

Yule mzee wa uchochoroni anaitwa Fundi Maige. Nilipomwambia bodi imekufa aliniangalia juu ya miwani.

"Nani kasema bodi?"

"Mafundi wawili."

"Walikifungua?"

Nikafikiri. "Hawakukifungua."

Akafyonza. Akaingiza kiwembe ubavuni, akakizungusha taratibu, mgongo ukaachia. Ndani betri ilikuwa imevimba kama andazi. Akanionyesha jinsi ilivyobana kila kitu mpaka tundu la chaji likachomoka mahali pake. "Bodi nzima hii, mama. Ubaya ni hapa na hapa. Na ungelazimisha kukichaji hivi hivi nyumbani, kingekuwakia." Akasema ana kishikwambi kingine cha aina ile kilichovunjika kioo, atatoa betri kwa maiti ampe mgonjwa, na tundu atalichomelea upya kwa waya wa risasi. Nirudi Jumamosi.

Nikamuuliza, kijuujuu tu, kuhusu bibi anayekaa pale barazani kushona vibuyu. Hakuinua hata kichwa. "Nipo kona hii miaka kumi na moja, mama. Hapa hata kibuyu kizima hakijawahi kupita."

Jioni Limi alinivuta jikoni. Mathias alishindwa kuniuliza mwenyewe, akapitishia kwa mkewe. "Mama, mkweo anaogopa. Anasema ulikaa pale peke yako, ukaongea, ukacheka. Halafu ukatoa kishikwambi ukampa mtu, na hapakuwa na mtu. Anasema kilikaa pembeni yako kimeegemea hewa."

"Muda gani?"

"Anasema mpaka akaanza Salamu Maria, akamaliza tatu."

Nikamsimulia. Limi hakulia wala hakucheka. Alimwangalia mtoto aliyekuwa amelala baada ya kulia tangu saa sita hadi saa tisa, akaniuliza jambo moja tu: "Ulimuuliza jina?" Najua wewe unayenisikiliza umeshanilaumu. Mwanangu alinilaumu kabla yako.

Jumamosi Fundi Maige alinikabidhi kishikwambi. Theluthi ya kioo ilikuwa nyeusi, na kilikuwa kinatoa joto kidogo, lakini kimewaka. Tukakaa uani, mimi na Limi kwenye mkeka, Mathias kwenye kizingiti ametupa mgongo. Ilikuwa saa sita inaingia na mtoto ameshaanza kulia. Nikabonyeza.

Sauti ya baba ikatoka. Jamani. Kuna watu watakuambia sauti ni sauti tu, waache. Alikohoa, akamfukuza kuku, akaanza. Tukamfuata kizazi kwa kizazi, Limi anamtingisha mtoto, hadi akafika kwa babu.

"Ngasa alizaliwa na mama mmoja ambaye alikuwa anashona vibuyu vya kijiji kizima. Hakupenda kitu kitupwe. Ukitupa, anaokota, anashona, anakurudishia na maneno juu." Mathias akageuka kuniangalia, akasahau adabu zote. Baba akaendelea, "Jina lake..." Kimya. "Jina lake limenitoka. Sisi tulimwita bibi, wakubwa walimwita Mama Ngasa. Jina lake jamani, lilikuwa..." Kimya tena. Akashusha pumzi. "Limepotea."

Limi akaanza kulia pamoja na mtoto. Yaani yote yale, basi, benchi, mbuzi ninayetaka kumuuza, na baba mwenyewe hakulijua? Nilinyoosha kidole kuzima.

"Mwadila, mayu," baba akasema.

Hakuwa anatuambia sisi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeinua uso na kuona mgeni anaingia. Akangoja kidogo, kama anayejibiwa. "Mhola, salama tu. Karibu, kaa hapo." Tena akangoja. Kisha kwa taratibu ile ya wazee, bila haraka hata chembe, akauliza, "Ng'wa nani?"

Sasa nisikilize vizuri. Hapo pana kimya kirefu, unaweza kuhesabu mpaka hamsini. Hakuna sauti ya mtu wa pili, nimesikiliza mara nyingi mno, haimo. Kilichomo ni krr, krr, uzi unapita kwenye kitu kikavu. Halafu baba akacheka. Mzee yule, miguu imekufa, wiki chache zimembakia, alicheka kama mtoto aliyefichuliwa mahali alipojificha. "Nkwimba!" akasema. "Nkwimba ng'wa Jilala! Kumbe ndiye wewe?"

Siku ile baba aliposhikwa sauti mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi. Hakuna mgeni aliyeingia kwenye boma langu. Mbwa hakubweka. Angeingia mgeni ningekuwa mimi wa kumpelekea maji.

Sitakudanganya kwamba mtoto alinyamaza papo hapo, hizo ni hadithi za kutungwa. Alilia kidogo, akakwama katikati ya kilio, akaangalia upande wa kizingiti, akapiga miayo, akalala. Jumapili kanisani padri alimbatiza Veronika, nyumbani tukamwita Nkwimba, na Jumatatu saa sita ilipofika tulikaa wote watatu tumemkodolea macho kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alikuwa anacheza na kidole cha mguu wake. Tangu siku hiyo saa sita yake ni ya kula na kulala. Sasa ana miaka miwili na nusu, mnene, mbishi, na ukitupa kitu chochote mbele yake anakiokota na kukurudishia, na maneno juu.

Na mbuzi wangu sikumuuza. Mwenye duka alinipa kile kipya bila kudai kibovu, labda kwa kuwa Mathias alimweleza, labda kwa kuwa alinionea huruma. Ninacho, kinang'aa, nakipenda, sijui kwa nini watu wanadhani ukikutana na mambo haya lazima ukatae vitu vizuri. Limi alihamishia ile sauti ya baba humo ili tuwe na mbili. Baba yumo, kuku yumo, kikohozi kimo, salamu imo. Ila ile krr, krr haimo. Kimya kitupu. Fundi Maige anasema vifaa vipya vinachuja kelele, na Mathias amelishika hilo jibu kwa mikono yote miwili, usingizi wake unalihitaji. Mimi sibishi. Ninachojua ni kwamba kile cha zamani kinaishi kabatini kwangu, kimeshabadilishiwa betri mara ya pili, na mwaka huu nataka kioo. Majirani wananiuliza nitakitengeneza mpaka lini. Nawaambia mpaka fundi afe, halafu nitatafuta fundi mwingine.

Niko sawa, usinionee huruma. Nina mjukuu, nina baba kabatini, nacheka. Jambo moja tu ndilo linanijia nikiwa peke yangu nachambua choroko. Nilikaa benchi moja na mama wa babu yangu. Alikuja kwa miguu yake kutoka huko walipo mpaka Kalangalala, akanipa nafasi ya kumuuliza swali moja ambalo hata mtoto wa kuchunga anajua kuliuliza, akasimamisha na mkono kuningojea. Nikaangalia barabara. Baba alimuuliza, ndiyo maana akapewa jina na kicheko. Mimi nilipewa jina kwa mkopo wa baba.

Kwa hiyo nakuonya, na nakuonya kwa upendo. Kama una kifaa kibovu na ndani kuna sauti ya mtu wako, usikubali neno la fundi ambaye hajakifungua, wala usikipeleke kwenye spea kabla hujajua nani amebaki humo. Na ukikuta mzee amekaa peke yake, hasa jua likiwa utosini, usimpe salamu ya nusu. Mwulize ni wa kwa nani, kaa, mwache amalize. Mimi siku hizi namsalimia kila mtu mpaka mwisho, na pale mnadani Mhunze kuna watu wakiniona wanapita njia ya pili. Wapite.

Hata wewe, nimekusimulia tangu mwanzo mpaka hapa. Umenisikiliza vizuri, sikatai, nakushukuru. Lakini Mama Limi ni jina la mwanangu, na mimi wewe hujaniuliza ni wa kwa nani.